Mwiko Unaozunguka Bure

Mimina glisarini kwenye bakuli, ile nzito inayouzwa madukani kwa ajili ya ngozi, utie tone la rangi nyekundu, kisha uzungushe mwiko taratibu kwa kuelekea upande mmoja tu. Tone litavutika likawa utepe, utepe utajiviringisha, na rangi itabaki katika pete yake. Koroga saa nzima ukitaka: jasho litakutoka, na bado sehemu kubwa ya bakuli haitakuwa imeionja rangi hiyo.

Hakuna uzembe hapo. Kimiminika kinapotembea katika ubapa, bila kupanda wala kushuka, na mwendo wake ukawa uleule muda wote, kila chembe hufungwa katika njia yake. Njia hizo hazikatani, kwa hiyo chembe ya ndani haina pa kuvukia kwenda nje. Kuongeza kasi huifanya tu izunguke upesi zaidi palepale.

Njia ya kutokea ilionyeshwa mwaka 1984 na Hassan Aref, mwanasayansi mzaliwa wa Alexandria, Misri. Kwa kompyuta alifuatilia chembe ndani ya chombo cha mviringo chenye vikorogeo viwili vinavyopokezana zamu: kimoja kinapofanya kazi, kingine kimetulia. Kila kimoja, kikiwa peke yake, huzungusha chembe kwa utaratibu kamili. Lakini zamu zilipokuwa ndefu vya kutosha, utaratibu ulivunjika. Chembe zilizoanza zikiwa jirani zilitengana upesi mno, na rangi ikatapakaa. Maji hayakuhitaji kuchafuka wala kutoa povu. Kubadilisha zamu kulitosha.

Kinachotokea humo mpishi wa chapati anakijua kwa mikono. Donge husukumwa, hukunjwa, likasukumwa tena. Kila mkunjo ukiongeza matabaka maradufu, mikunjo 10 huzaa matabaka 1,024, na mikunjo 20 huzaa zaidi ya milioni moja. Mkorogo wa kuzunguka tu husukuma bila kukunja; mkorogo wa kupokezana hufanya yote mawili.

Matabaka hayo membamba ndiyo faida yenyewe, kwa sababu kazi ya mwisho ya kuchanganya hufanywa na molekuli, nazo ni wasafiri wa polepole. Katika maji yaliyotulia, molekuli ndogo huhitaji takriban siku nzima au zaidi kusambaa sentimita moja. Milimita moja ni kama robo saa. Sehemu moja ya mia ya milimita haifiki hata sekunde moja. Umbali ukipungua mara kumi, muda hupungua mara mia. Basi anayekoroga rangi ya nyumba au dawa nzito kiwandani hana sababu ya kutafuta mota yenye nguvu zaidi kabla hajajaribu kubadilisha mwelekeo na mahali pa kukorogea.

Sheria hiyo ya kusukuma na kukunja inatawala hata bahari, ambayo kina chake ni kidogo mno kikilinganishwa na upana wake, hivyo maji yake hutembea karibu kama katika ubapa. Katika Mlango wa Msumbiji, kati ya Madagaska na bara, kuna mizunguko mikubwa ya maji yenye upana wa mamia ya kilomita. Pembezoni mwake maji huvutwa yakawa mistari myembamba. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa setilaiti ndege wa baharini aina ya frigeti kutoka Europa, kisiwa kilichomo katika mlango huo, wakakuta kwamba wanapotafuta chakula huandama mistari hiyo. Ndege huyu hawezi kutua majini, maana manyoya yake hulowa. Humtegemea jodari na wawindaji wengine wafukuze samaki wadogo hadi juu.

Hata mkorogo wa vurugu huacha visiwa ambavyo rangi haiingii, na kimojawapo kinatuhusu sote. Juu ya Antaktika, wakati wa baridi kali, upepo huzunguka ncha ya dunia kwa kasi kubwa, na ukingo wake huwa kama ukuta: hewa ya ndani haichanganyiki na ya nje. Ikifungiwa humo hupoa hadi chini ya nyuzi 78 za Selsiasi chini ya sifuri, mawingu ya barafu huundwa, na juu yake klorini iliyotokana na gesi za majokofu ya zamani hupata nguvu ya kula ozoni jua linaporudi. Kaskazini, milima na mabara husukasuka mzunguko huo na kuuvuruga, ndiyo maana tundu la ozoni la kusini ni kubwa zaidi, ingawa gesi hizo zilitolewa kwa wingi kaskazini. Anayepima uchafuzi kwa kasi ya upepo peke yake atakosea. Aulize kwanza kama upepo huo unakunja au unazunguka tu.