Beji za Anga za Ujerumani (2): Mtazamaji

Juma lililopita tuliichambua beji ya rubani, iliyoanzishwa na Kaiser Wilhelm II siku yake ya kuzaliwa, 27 Januari 1913. Ya mtazamaji wa angani ilifuata mwaka mmoja kamili baadaye. Nayo ilivaliwa kifuani upande wa kushoto, ina shada la majani na taji la Prussia juu. Ila katikati ya beji ya rubani kuna ndege iliyo angani. Kwenye hii kuna mraba wa rangi tu.

Wengi hudhani rubani ndiye aliyekuwa mkubwa chomboni. Mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa Wajerumani haikuwa hivyo. Mtazamaji alikuwa afisa, naye ndiye aliyeamua waelekee wapi. Rubani mara nyingi alikuwa askari wa cheo cha chini aliyepokea amri. Afisa huyo alisoma ramani, akakadiria vikosi barabarani, akapiga picha, na baadaye akaelekeza mizinga kwa simu ya upepo. Agosti 1914, taarifa za watu wa kazi hii juu ya mienendo ya Warusi ziliwasaidia sana majenerali wa Ujerumani kushinda mapigano ya Tannenberg. Hata Manfred von Richthofen, ambaye dunia inamjua kwa kudungua ndege, mwaka 1915 alikuwa mtazamaji huko mashariki.

Uzito wa kazi hiyo ulionekana hapa kwetu, tena upande wa adui zao. Tarehe 11 Julai 1915, manowari ya Ujerumani Königsberg ikiwa imejificha katika delta ya Rufiji, ndege ya Waingereza iliruka kutoka Mafia. Rubani alikuwa Cull, mtazamaji Arnold. Mizinga ya Königsberg iliipiga ndege ikaanza kushuka, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha kwa meli za Waingereza mpaka walipoanguka mtoni. Wote wawili waliokolewa, na Königsberg ikaangamizwa siku hiyo hiyo. Kwangu mimi, watu wa namna hii wamesahauliwa isivyo haki.

Tukirudi kwenye beji na uadimu wake, Bavaria ilikuwa na jeshi lake na ikatoa beji zake zenye taji la mfalme wake. Kwa kuwa wanaanga wake walikuwa wachache kuliko wa Prussia, beji ya mtazamaji wa Bavaria ni adimu zaidi, na waghushi wanalijua hilo. Juma lijalo tutaitazama beji ya mwaka 1936.