Nani anajua mishahara ya Simba na Yanga?



Naomba nizungumze na wapenzi wenzangu wa kandanda juu ya jambo ambalo kila mwaka, dirisha la usajili linapofunguliwa, hutupotezea saa nyingi vijiweni bila kufikia mwisho. Jambo lenyewe ni fedha za wachezaji. Siulizi kama klabu zetu kubwa zinatumia fedha nyingi, maana hilo hata mtoto wa darasa la pili hapa Kerenge analijua. Nauliza tunazipima vipi fedha hizo, na nani kati yetu amewahi kuiona hesabu yake.

Tuanze na mfano ambao wengi wataukumbuka. Katikati ya mwaka 2022 Yanga ilitangaza mkataba wa udhamini na SportPesa wa Sh. bilioni 12.3. Haukupita muda Simba nayo ikatangaza mkataba na M-Bet wa Sh. bilioni 26.1. Mitaani ikawa kelele tupu: Simba imeizidi Yanga zaidi ya mara mbili! Lakini mkataba wa Yanga ulikuwa wa miaka 3, na ule wa Simba ulikuwa wa miaka 5. Gawanya. Yanga ilikuwa ikipata kama bilioni 4.1 kwa mwaka, Simba bilioni 5.2. Tofauti ilikuwapo, ila si ile iliyopigiwa ngoma. Vivyo hivyo zile bilioni 225.6 za Azam Media kwa haki za kuonyesha ligi, zilizotangazwa mwaka 2021: zilikuwa za miaka 10, lakini watu walizitaja kana kwamba zilimwagwa mezani siku moja.

Na zile bilioni 20 za Ndugu Mohammed Dewji? Desemba 2017 alishinda zabuni ya kununua hisa za Simba kwa kiasi hicho. Hizo zilikuwa fedha za hisa. Hata hivyo nimewasikia watu wazima, wenye akili zao, wakizihesabu kama mishahara ya wachezaji.

Ikiwa tunakosea hesabu za udhamini, ambazo hutangazwa mbele ya kamera, je, hesabu za mishahara, ambazo hazitangazwi kabisa, tunazijuaje?

KIPANDE

Sisi wa Korogwe tumeishi katikati ya mashamba ya mkonge, na wazee wetu walikijua kipimo cha kazi kuliko wahasibu wengi. Wakati wa wakoloni palikuwa na kipande. Manamba alipewa kadi yenye nafasi 30, na kila akimaliza kazi ya siku nafasi moja ilijazwa. Siku 30 zikitimia ndipo alilipwa. Asipoumaliza mgao wake wa kukata majani, siku ile haikuandikwa, hata kama jua lilimchoma tangu alfajiri. Ulikuwa utaratibu wa dhuluma na sina haja ya kuusifu. Lakini ulikuwa na jambo moja: mtu aliposema "nina kipande", kila aliyesikia alijua ni siku ngapi, na alijua pia kwamba posho ya unga ni hesabu nyingine.

Katika kandanda yetu ya leo tunachanganya kipande na posho na kila kitu. Redio inasema mchezaji fulani "amesajiliwa kwa milioni 90". Hapo hatuambiwi kama fedha hizo zimekwenda klabu aliyotoka, au ni fedha za mkononi za mchezaji mwenyewe, au humo imo mishahara ya miaka yote ya mkataba.

Chukua wachezaji wawili wa mfano. Wa kwanza amepewa milioni 90 za kusaini mkataba wa miaka 3, na mshahara wa milioni 2 kwa mwezi. Wa pili amepewa milioni 20 tu kwa miaka 2, lakini mshahara wake ni milioni 4. Kijiweni watasema wa kwanza ndiye ghali. Haya, tupige hesabu. Wa kwanza, milioni 90 ukizigawa kwa miaka 3 ni 30 kwa mwaka, ongeza mishahara 24, jumla milioni 54. Wa pili, milioni 20 kwa miaka 2 ni 10 kwa mwaka, ongeza mishahara 48, jumla milioni 58. Yule "rahisi" ndiye anayekula zaidi! Na hapo bado hatujaweka nyumba, gari, nauli ya kwenda kwao, fedha za wakala, wala bakshishi za ushindi.

Kwamba haya si mambo ya kubuni tuliyaona katika mgogoro wa Feisal Salum, yaani Fei Toto. Desemba 2022 alitaka kuuvunja mkataba wake na Yanga, akaipelekea klabu Sh. milioni 112: milioni 100 za kuvunjia mkataba, na milioni 12 za mishahara ya miezi 3. Hapo ndipo taifa zima lilipojua, kwa kugawanya tu, kwamba mshahara wake ulikuwa milioni 4 kwa mwezi. Kamati ya TFF ikaamua Januari 2023 kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Likaja lile neno la ugali na sukari lililovuma nchi nzima, na jambo likaendelea hadi Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaambia viongozi wa Yanga walimalize, na kijana akaenda zake Azam.

Sitaki kufufua ugomvi wa nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba mpaka wakati ule mashabiki walikuwa wakibishana kama kijana analipwa vizuri au vibaya, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na tarakimu. Ilibidi pawe na kesi ndipo tujue mshahara wa kiungo wa timu ya taifa.

WAMAREKANI NA BESIBOLI YAO

Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, wa kupiga mpira kwa rungu, ambao hapa kwetu hauna wafuasi. Mimi nao siuelewi vizuri. Ila hesabu zake nazipenda, kwa sababu kule mkataba wa kila mchezaji wa ligi kuu hujulikana, na hata hivyo bado wanabishana namna ya kupima.

Wao wana kipimo zaidi ya kimoja. Kipo cha mishahara inayolipwa msimu ule. Kipo kingine cha ligi yenyewe, kinachotumika kutoza kodi klabu zinazovuka kiwango: hapo mkataba wa mchezaji hujumlishwa wote ukagawanywa kwa miaka yake, ili klabu isifiche fedha kwa kulipa kidogo mwaka huu na nyingi mwakani. Klabu ya Los Angeles Dodgers ilitozwa kodi hiyo kiasi cha dola milioni 103 kwa msimu wa 2024. Kodi peke yake!

Tena tazama ujanja. Desemba 2023 Dodgers ilimsajili Mjapani Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 za miaka 10. Lakini katika miaka hiyo analipwa milioni 2 tu kila mwaka; zile 680 zilizobaki atalipwa kati ya 2034 na 2043. Je, mshahara wake ni milioni 70, au milioni 2? Ligi ilikaa ikapiga hesabu ya thamani ya fedha zinazocheleweshwa, ikaandika kama milioni 46 kwa mwaka. Mtu mmoja, tarakimu tatu, na kila moja ina maana yake. Yuko mwingine, Bobby Bonilla, aliyeacha kucheza mwaka 2001, na klabu ya New York Mets inamlipa zaidi ya dola milioni 1 kila Julai 1 hadi mwaka 2035.

Mets hao hao mwaka 2023 walikuwa na mishahara mikubwa kuliko klabu yoyote. Walishinda michezo 75 wakafungwa 87. Katikati ya msimu wakawauza nyota wao Max Scherzer na Justin Verlander, huku Mets wakiendelea kubeba sehemu kubwa ya mishahara yao. Mchezaji anacheza Texas, analipwa na New York! Ukitaka kujua nani ametumia fedha, unamwandika wapi? Na mwaka 2002 klabu ya Oakland, yenye mishahara ya kama dola milioni 40, ilishinda michezo 103, sawasawa na New York Yankees waliotumia kama milioni 125. Watu waliweza kusema Oakland ilitumia akili kwa sababu tarakimu za wote wawili zilikuwa wazi.

Huko Ulaya nako, UEFA imeweka kanuni kwamba mishahara ya wachezaji na makocha, pamoja na gharama za uhamisho na mawakala, visizidi asilimia 70 ya mapato ya klabu. Wamehesabu vyote pamoja kwa makusudi. Ukihesabu mshahara peke yake, klabu itauhamishia mzigo kwa wakala.

KWA NINI INATUHUSU

Pengine msomaji atauliza, mwananchi wa Kerenge anatafuta nini katika vitabu vya Simba na Yanga? Namjibu kwamba mkoa wetu una timu. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988. Siku hizo mchezaji aliitwa wa ridhaa, na wengi walipata riziki kwa kuajiriwa bandarini, reli, au katika mashirika ya umma, kwa hiyo hata wakati ule gharama halisi ya timu haikuonekana katika daftari la klabu. Ilikuwa katika daftari la shirika. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa mwaka 1986, Mtibwa Sugar wakautwaa 1999 na 2000. Baada ya hapo, tangu 2001 hadi msimu wa 2024/25, ubingwa umezunguka kati ya Simba na Yanga, isipokuwa msimu wa 2013/14 Azam ilipoutwaa bila kufungwa mchezo hata mmoja.

Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza ya 4, nyuma ya Yanga, Azam na Simba. Huku kwetu tulishangilia kama ubingwa. Lakini hatuna njia ya kujua kama nafasi ile ilikuwa ya miujiza au ya kawaida, kwa sababu hatujui walio juu yetu walitumia mara ngapi ya fedha zetu. Ni mara tatu? Mara kumi? Kocha wa timu ndogo anafukuzwa kwa kushindwa kuwafunga watu ambao huenda mchezaji wao mmoja anakula mishahara ya kikosi chake chote. Tukijua, hukumu yetu itakuwa nyingine.

Liko na jambo zito zaidi. Fedha iliyoandikwa na fedha iliyolipwa si kitu kimoja. Hapa kwetu yuko kijana aliyekwenda kuchezea timu moja, ambayo sitaitaja, kwa ahadi ya mshahara wa Sh. 300,000 kwa mwezi. Alicheza miezi 10, akalipwa miezi 4. Katika makaratasi ya timu ile, kijana yule ni gharama ya milioni 3. Mfukoni kwake ni milioni 1 na laki 2. Amerudi, analima mahindi, na goti lake limevimba. Ukimuuliza kwa nini hakushtaki, anajibu kwamba nakala ya mkataba hakupewa.

Wachezaji wa kigeni wao wanajua njia ya FIFA. Klabu zetu kadhaa zimefungiwa kusajili kwa sababu hawakulipwa haki zao, na deni likilipwa kifungo kinaondolewa. Kwa hiyo mchezaji wa nje analipwa hata kwa kuchelewa, na kijana wa Korogwe anasubiri huruma ya katibu. Hili halipendezi hata kidogo katika nchi yetu.

NINACHOOMBA

Naomba TFF na Bodi ya Ligi zitoe tarakimu mbili kwa kila klabu ya Ligi Kuu, kila msimu ukiisha. Ya kwanza ni gharama ya kikosi kwa mwaka: mishahara, fedha za kusaini zikigawanywa kwa miaka ya mkataba, ada za uhamisho zikigawanywa vivyo hivyo, nyumba, mawakala, na fidia za waliovunjiwa mikataba. Ya pili ni kiasi kilicholipwa kweli hadi siku ya mwisho ya msimu. Sisemi watangaze mshahara wa mtu mmoja mmoja. Hilo ni la mtu na nyumba yake, na najua jamaa wa kukopa hawatampa usingizi. Nataka jumla ya klabu tu.

Viongozi wa klabu watasema ni siri ya biashara. Siri gani, wakati mikataba ya udhamini wanaisaini mbele ya waandishi na tarishi wa televisheni? Tena klabu hizi zina wanachama wanaolipa ada, na leseni ya klabu inadai hesabu zilizokaguliwa. Makaratasi yapo. Mikataba ya wachezaji inasajiliwa TFF. Kazi iliyobaki ni ya mtu mmoja mwenye kikokotoo na wiki mbili.

Na kila mchezaji anaposaini, apewe nakala yake palepale, kabla ya kupiga picha na jezi.

Mpenzi wa Kandanda,
Kerenge, Korogwe.