Neno "Cheap" na Safari Yake

Karani aandikapo barua ya Kiingereza kuuliza bei ya mbegu, au mkulima atangazapo kuku wake wa kuuza, neno linalomjia upesi ni "cheap". Nia yake ni kusema "rahisi", wala si kosa, kwani ndiyo maana iliyo katika kamusi. Lakini neno hilo lina maana nyingine iliyojificha nyuma ya ile ya kwanza, na asiyeijua aweza kuitukana mali yake mwenyewe bila kukusudia.

Asili ya neno hili ni mbali. Warumi wa kale walikuwa na neno "caupo", maana yake mchuuzi, au mwenye nyumba ya wageni. Makabila ya Kijerumani yaliyokaa karibu na mipaka ya dola ya Kirumi yalilichukua neno hilo, nayo yakalitumia kwa biashara ya kila namna. Ndiyo sababu hata leo Wajerumani husema "kaufen", yaani kununua. Mji mkuu wa Denmark, ambao Waingereza huuita Copenhagen, wenyeji huuita København, na maana yake ni bandari ya wafanyi biashara.

Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066, neno hilo lilikuwa "ceap". Halikuwa na maana ya kitu cha bei ndogo hata kidogo. Maana yake ilikuwa biashara, mapatano, au bei yenyewe. Tena lilikuwa na maana ya ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe walikuwa mali, na mwenye mali ndiye awezaye kununua. Jambo hili halitamshangaza mtu wa Afrika ya Mashariki ambaye wazee wake walihesabu utajiri wao zizini.

Alama za maana hiyo ya kale zingali zikionekana. Katika mji wa London iko njia iitwayo Cheapside, karibu na kanisa kuu la St Paul. Mgeni aweza kudhani kwamba vitu vya huko ni vya bei ndogo, kumbe jina hilo lina maana ya mahali pa soko tu. Hapo ndipo palipokuwa soko kubwa la London ya zamani, na njia za jirani zingali zikitaja bidhaa zilizouzwa: Bread Street ni njia ya mikate, Milk Street ni njia ya maziwa, na Poultry ni mahali pa kuku. Vivyo hivyo Waingereza wengi huitwa Chapman, yaani mchuuzi. Na neno "chap", wanalolitumia kwa maana ya jamaa fulani, ni kifupi cha jina hilo.

Basi, biashara iligeukaje kuwa bei ndogo? Watu walikuwa wakisema "good cheap", yaani biashara njema, kwa mnunuzi aliyepata kitu kwa bei nafuu. Wafaransa nao husema "bon marché", yaani soko jema. Katika karne ya 16 Waingereza walianza kuliacha neno "good", likabaki "cheap" peke yake. Haukupita muda mrefu, watu wakaanza kudhani kwamba kitu cha bei ndogo hakina thamani, na dharau ikaingia katika neno.

Kiswahili kimepita njia nyingine. Neno "rahisi" limetoka katika Kiarabu, nako lina maana ya bei ndogo. Lakini Waswahili wameliongezea maana ya jambo lisilo gumu. Kwa hiyo mtihani waweza kuwa rahisi, na sukari pia, bila ya dharau yoyote. Katika Kiingereza, mtu akiambiwa kwamba mwenendo wake ni "cheap", ametukanwa.

Hapo ndipo penye faida kwa msomaji. Atakaye kusifu bei ya mazao yake kwa Kiingereza, na aandike kwamba bei ni "reasonable", yaani ya haki. Na mtu akipewa zawadi, asiseme kamwe kwamba ni "cheap", hata kama ataka kumwonea huruma mtoaji kwa gharama aliyoingia. Mtoaji atasikia kwamba zawadi yake ni duni.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bei ni jambo moja, na ubora ni jambo jingine. Jembe la bei ndogo lisilopinda ni ununuzi mwema. Na jembe la bei ndogo livunjikalo kabla ya mvua kwisha limemgharimu mwenyewe mara mbili. Waingereza waliyachanganya mambo hayo mawili katika neno moja. Mnunuzi mwenye busara huyatenga kabla hajafungua mfuko wake.