Chumba cha Kupanga: Kodi Ndogo, Malipo Makubwa

Mwezi uliopita mama mmoja aliyehitimu darasa letu la kisomo alitujia ofisini na daftari lake la hesabu. Mama huyu anauza chai na maandazi karibu na stendi ya mji wetu mdogo. Alitaka tumkagulie hesabu moja tu. Tuliikagua mara mbili, tukaona haina kosa hata moja. Tulitamani ingekuwa na kosa.

Hesabu yenyewe ni hii. Alipata chumba cha Sh. 30,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani Sh. 180,000. Dalali naye akataka chake, kodi ya mwezi mmoja, Sh. 30,000. Jumla Sh. 210,000, na hapo hajaingiza hata mkeka. Mama alikuwa na Sh. 60,000. Zile Sh. 150,000 zilizopungua akazikopa kwa wakopeshaji wa mtaani, wale ambao watu wanaita mikopo yao kausha damu. Riba ilikuwa thelathini kwa mia kila mwezi, ndiyo kusema Sh. 45,000. Tazameni vizuri hapo: riba ya mwezi mmoja imeipita kodi ya mwezi mmoja! Alilipa riba hiyo miezi mitatu kabla hajaweza kurudisha deni lenyewe. Hiyo ni Sh. 135,000.

Sasa jumlisha kodi, dalali na riba. Utapata Sh. 345,000. Gawanya kwa miezi sita. Chumba cha elfu thelathini kimekuwa cha Sh. 57,500 kwa mwezi.

Akatuuliza, "Mwalimu, sasa nani kanipandishia kodi?"

Jibu ni kwamba hakuna aliyeipandisha. Kodi ilibaki ile ile ya elfu thelathini. Kilichomuumiza ni namna ya kulipa. Watu wanapozungumza habari za nyumba za bei nafuu huangalia bei ya chumba tu. Lakini mtu anayepata fedha yake kidogo kidogo, kila siku, akidaiwa kodi ya nusu mwaka kwa siku moja, chumba cha bei nafuu kwake si nafuu tena.

Wazee wetu watasema kwamba zamani Serikali ilikuwa ikiingilia kati. Ni kweli. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwezi Aprili 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia Sh. 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1984 ilitungwa sheria mpya ya kudhibiti kodi za nyumba. Mwaka 1990 majengo ya Msajili yakaunganishwa na yale ya Shirika. Na mwaka 2005 ile sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa. Tangu hapo kodi ni mapatano ya watu wawili, mwenye nyumba na mpangaji.

Lakini tusijidanganye. Majengo yale ya 1971 yalikuwa hasa ya miji mikubwa. Vyumba vya Kibaigwa penye soko la mahindi, vya Katoro kwenye dhahabu, au vya Makambako penye njia panda na reli, vimejengwa na wananchi wenyewe, tofali kwa tofali. Ni zile nyumba zetu za ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani choo na jiko. Mwenye nyumba mara nyingi anakaa chumba kimojawapo. Huyu si kabaila wa kuimbwa kwenye mikutano. Pengine ni mjane ambaye bati lake linavuja na mtoto wake anadaiwa sare ya shule.

Tulikwenda kumwona mwenye nyumba wa yule mama. Tulikwenda, tukiri, tukiwa na hasira kidogo. Alitukaribisha kiti, akatueleza bila kuficha. Mpangaji aliyetangulia alilipa mwezi mmoja, akakaa mitatu, akahama usiku na balbu akachukua. Tena fedha ya mwezi mmoja mmoja, alisema, inaishia kwenye mboga. Ya miezi sita ndiyo inayonunua mabati. Benki haiwezi kumkopesha kwa kuwa kiwanja chake hakina hati. Ile Benki ya Nyumba iliyoanzishwa mwaka 1973 nayo ilikwisha kufungwa mwaka 1995. Kwa hiyo benki yake ni wapangaji. Yeye anamkopa mpangaji, na mpangaji anakwenda kukopa kwa kausha damu. Hapo ndipo tulipoelewa jambo hili lilivyofungamana.

Wapo wanaouliza: je, Serikali haiwezi kuwalipia kodi watu wa kipato cha chini? Zipo nchi zinazofanya hivyo. Marekani wana mpango ulioanza mwaka 1974: familia yenye kipato kidogo hulipa kiasi cha thelathini kwa mia ya kipato chake, na sehemu inayobaki Serikali humlipa mwenye nyumba. Hata huko fedha hazitoshi, na watu hungoja kwenye orodha miaka na miaka. Kwetu hakuna mpango wa namna hiyo kwa mpangaji wa kawaida. Ruzuku ya TASAF ni kwa kaya maskini zilizoandikishwa, wala haikupangwa kuwa kodi ya nyumba. Na nyumba za Shirika zilizojengwa miaka ya karibuni katika baadhi ya wilaya zilikusudiwa zaidi kuuzwa, na mwuza maandazi hawezi kununua nyumba.

Basi msaada wa kodi uko wapi? Kina mama kumi na wawili wa darasa letu wameanza kuutengeneza wenyewe. Kila Jumamosi kila mmoja anaweka Sh. 2,000. Hiyo ni Sh. 24,000 kwa juma, na kwa majuma kumi ni Sh. 240,000. Anayefikiwa na tarehe ya kodi anakopa humo, anarudisha kwa miezi mitatu, na anaongeza tano kwa mia mara moja tu. Kama yule mama angekopa zile Sh. 150,000 katika kikundi hiki, nyongeza ingekuwa Sh. 7,500, na chumba chake kingemgharimu Sh. 36,250 kwa mwezi badala ya Sh. 57,500. Fedha ni ile ile na chumba ni kile kile. Kikundi kina udhaifu wake, hatukatai. Wakifikiwa na kodi watu watatu juma moja, sanduku halitoshi. Kwa hiyo wamepanga tarehe zao zisigongane, na hilo wameliandika.

Njia ya pili ni kusemezana na mwenye nyumba kabla ya kutoa fedha. Wengi wetu tunaona haya. Lakini mwenye nyumba anayeogopa kukimbiwa anaweza kukubali miezi miwili mwanzoni, halafu mwezi kwa mwezi, ikiwa mapatano yameandikwa na mwenyekiti wa kitongoji ameshuhudia. Andikeni majina, chumba kipi, kodi kiasi gani, imelipwa kutoka tarehe gani hadi gani, umeme na maji nani analipa, bati likivuja nani anatengeneza, na notisi ni ya muda gani. Nakala mbili, kila mtu yake.

Habari ya notisi ina uzito. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba kama hamkuandikiana muda wa kupanga wala notisi, na kodi inalipwa kwa mwezi, basi upangaji ni wa mwezi kwa mwezi. Anayetaka kuuvunja, awe mwenye nyumba au mpangaji, lazima atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kwa hiyo "kesho utoke" si notisi. Kuhama usiku na balbu pia si notisi.

Mkigombana, anzeni Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mtaulizwa karatasi.

Na karatasi tunaijua thamani yake kwa gharama. Tulipohamishiwa wilaya hii tulipanga chumba kwa mzee mmoja mwema. Tulimlipa miezi sita mkononi, tukaona aibu kumwomba stakabadhi mtu wa umri wa baba yetu. Mwezi wa pili mzee akafariki. Baada ya arobaini vijana wake walitujia kwa heshima wakaomba kodi. Tulisema tumelipa. Wakasema, "Sawa mwalimu, tuonyeshe ulipoandikiwa." Hatukuwa na kitu cha kuonyesha, na wala hatukuweza kuwalaumu. Tulilipa mara mbili, sisi ambao kazi yetu ni kuhimiza watu waandike.

Kodi ya yule mama inafika mwisho mwezi ujao. Amekwisha kwenda kwa mwenye nyumba wake, na wamekubaliana miezi miwili miwili. Dalali safari hii hayumo. Jumatano saa kumi alasiri tutaandika mkataba wao ubaoni darasani, mstari kwa mstari, ili kila mmoja aunakili. Wenye nyumba nao wanakaribishwa. Njooni na kalamu.