Kufundisha Uchakavu wa Mali katika Hesabu za Biashara

Mwanafunzi wa darasa la saba akiulizwa maana ya faida, aghalabu hujibu kuwa ni mauzo ukitoa manunuzi. Jibu hilo lamtosha muuza machungwa wa kando ya barabara hapa Hale, kwani alichonunua asubuhi hukiuza kikaisha jioni. Halimtoshi mwenye mashine, na hapo ndipo wanachuo wengi hukwama katika mazoezi ya kufundisha.

Tuchukue kituo cha umeme cha Hale, katika Mto Pangani, kilichoanza kazi mwaka 1964 kikiwa na mitambo miwili ya jumla ya megawati 21. Fedha za ujenzi zilitumika kabla umeme haujauzwa. Lau gharama yote ingeandikwa katika hesabu za mwaka mmoja, mwaka huo ungeonyesha hasara ya kutisha, na miaka iliyofuata ingeonyesha faida ya uongo, kana kwamba mitambo ilipatikana bure. Kwa hiyo mhasibu huigawa gharama ya mali katika miaka ya utumishi wake. Fungu la kila mwaka ndilo uchakavu.

Mkonge, ambao watoto wa hapa huuona kila siku, ni mfano bora zaidi. Hupandwa, hupaliliwa miaka miwili au mitatu pasipo mapato, kisha hukatwa majani mwaka hata mwaka, mpaka utoe mlingoti na kufa. Gharama ya kuupanda hapana budi ibebwe na miaka ya kukata majani. Tangu mwaka 2016 kanuni za kimataifa za uhasibu huihesabu mimea izaayo kwa miaka mingi sawasawa na mitambo.

Darasani tupendelee kitu kidogo. Tuseme mradi wa shule umenunua cherehani kwa shilingi 300,000. Itatumika miaka mitano, kisha itauzwa kwa shilingi 50,000. Tofauti ni 250,000. Tukigawa kwa tano, uchakavu ni 50,000 kwa mwaka. Mwaka huu sare zimeuzwa kwa 180,000, na vitambaa na nyuzi vimegharimu 110,000. Wanafunzi watashangilia faida ya 70,000 na kutaka igawanywe. Mwalimu aache washangilie kwanza, ndipo aulize: cherehani imelipwa na nani? Faida halisi ni 20,000. Mradi ukigawa 70,000 kila mwaka, mwaka wa sita utakuwa na cherehani mbovu na mfuko usio na kitu cha kununulia nyingine.

Hapa tuwe waangalifu. Uchakavu si fedha zilizofungiwa sandukuni; ni maandishi ya daftarini tu. Kuandika 50,000 huwazuia wenye mradi wasiihesabu kuwa faida, lakini kuiweka akiba ni uamuzi mwingine. Wala uchakavu si bei ya sokoni: cherehani yaweza kupanda bei mwakani, na fungu lake likaandikwa vilevile.

Iko pia njia ya kukata asilimia ya thamani iliyobaki kila mwaka, ifaayo vitu kama magari. Hiyo yaweza kungoja sekondari.

Kwa zoezi, wanafunzi waorodheshe mali za shule: madawati, jembe, paa la bati, kiwanja. Kiwanja kitazua ubishi, nao ni ubishi wenye manufaa, kwa kuwa kwa kawaida ardhi haiandikiwi uchakavu. Haina mwisho wa utumishi wake.