Kabla ya Kununua Kompyuta Mpya: Namna ya Kutambua Kinachokwamisha Matangazo Mubashara ya Michezo ya Video

Kurusha mubashara michezo ya video kupitia YouTube, Twitch au Facebook ni shughuli inayowavutia vijana wengi, na wapo wanaoitazama kama chanzo cha kipato. Wengi huanza na kifaa walicho nacho, mara nyingi kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4 au 8 na isiyo na kadi ya grafiki ya pekee. Muda si mrefu watazamaji hulalamika kuwa picha inakatakata, na wazo la kwanza linalokuja ni kununua kompyuta mpya. Uamuzi huo huweza kumaliza akiba ya kijana au mtaji wa kikundi na kuliacha tatizo palepale, kwa kuwa kukatika kwa picha kuna vyanzo vikuu vitatu, na kila kimoja kina tiba yake.

Kompyuta inayorusha mchezo hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, kitengo cha grafiki huchora picha za mchezo na kuziunganisha na vitu vingine vinavyoonekana kwa mtazamaji. Pili, picha hizo hubanwa ili ziwe nyepesi kusafirishwa, kazi inayojulikana kama usimbaji. Tatu, zilizobanwa hutumwa kwa intaneti. Kazi yoyote kati ya hizo ikizidiwa, mtazamaji huona dalili ileile.

Kupima kwanza

Programu ya OBS Studio, inayopatikana bila malipo na kutumiwa na warushaji wengi, ina dirisha la takwimu lililoandikwa Stats. Humo mna mistari mitatu ya kuzingatia. Mstari wenye neno rendering huonyesha fremu zilizokosekana kwa sababu grafiki imezidiwa. Wenye neno encoding huonyesha fremu zilizorukwa kwa sababu usimbaji umechelewa. Wenye neno network huonyesha fremu zilizopotea kwa sababu intaneti haikuhimili.

Kipimo cha kwanza hakihitaji bando. Mrushaji acheze kwa dakika 10 huku OBS ikirekodi kwenye diski, ubora wa kurekodi ukiwa umewekwa kuwa sawa na ule wa kurusha. Rekodi ikikatakata, intaneti haihusiki na lawama iko ndani ya kompyuta. Rekodi ikiwa safi lakini matangazo yakakatika, tatizo li katika mtandao, na kompyuta mpya haitalitatua.

Grafiki ikizidiwa

Mchezo usiowekewa kikomo hutumia nguvu yote ya grafiki na kuinyima OBS nafasi ya kuunganisha picha. Tiba ni kuweka kikomo cha fremu 30 au 60 kwa sekunde ndani ya mipangilio ya mchezo, kisha kupunguza vivuli na ukubwa wa picha ya mchezo wenyewe. Kwenye Windows, kuifungua OBS kwa haki za msimamizi husaidia mfumo kuipa kipaumbele katika grafiki. Vilevile, vivinjari vya intaneti na programu zisizohitajika vifungwe.

Usimbaji ukichelewa

Usimbaji unaofanywa na x264 huitegemea prosesa. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, ilhali ya 1280 kwa 720 ina nukta 921,600. Mrushaji akishuka kutoka 1080 hadi 720, na kutoka fremu 60 hadi 30 kwa sekunde, nukta zinazosimbwa kila sekunde hushuka hadi chini ya robo. Kwa kompyuta dhaifu, badiliko hilo huleta nafuu kubwa.

Njia nyingine ni kuihamisha kazi hiyo kutoka kwa prosesa. Prosesa nyingi za Intel zenye grafiki ya ndani, tangu mwaka 2011, zina Quick Sync, kitengo maalumu cha kusimba video. Kadi nyingi za Nvidia zina NVENC. Chaguo hilo likionekana katika mipangilio ya OBS, lijaribiwe. Lisipoonekana, x264 iwekwe kwenye superfast au ultrafast. Ubora wa picha utapungua, lakini uwezekano wa fremu kurukwa utapungua pia.

Joto pia halina budi kukumbukwa. Kompyuta yenye feni iliyojaa vumbi hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na nyingi hupunguza kasi zinapotumia betri. Kusafisha feni, kuiweka kompyuta juu ya meza badala ya kitanda, na kuichomeka kwenye umeme ni hatua zinazoweza kurejesha nguvu iliyodhaniwa kuwa haipo.

Intaneti isipohimili

Kasi inayohitajika ni ya kupandisha data, si ya kushusha, na mara nyingi ya kupandisha huwa ndogo zaidi. Ipimwe saa ileile ya kurusha, kwa kuwa mtandao wa simu hulemewa jioni. Kiwango kinachowekwa kwenye OBS kisizidi robo tatu ya kasi hiyo. Kwa picha ya 720 yenye fremu 30, kilobiti 2,500 kwa sekunde hutosha, na pamoja na sauti hutumia takriban gigabaiti 1.2 kwa saa. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua bando. Anayetumia intaneti ya simu aiunganishe simu na kompyuta kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi, pale inapowezekana.

Kikibaki kitu cha kununua

Baada ya hatua hizo, takwimu zikiendelea kuonyesha upungufu, zitaonyesha pia kinachohitajika. Grafiki ya ndani hutumia sehemu ya RAM ya kompyuta, hivyo kuongeza kipande cha pili cha RAM huweza kuleta nafuu kwa gharama ndogo. Diski ya SSD huharakisha kuwaka kwa kompyuta na kufunguka kwa michezo, lakini haipunguzi kazi ya usimbaji. Kadi ya grafiki haiongezi kasi ya intaneti.

Tofauti hizo zina uzito zaidi kwa vikundi vya vijana vinavyokusudia kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni kwa ajili ya vijana. Mkopo huo hauna riba, lakini lazima urejeshwe, na kifaa kisichotibu tatizo hakitazalisha marejesho. Vikundi vinashauriwa kufanya vipimo hivi kwanza, kuandika takwimu za kabla na baada ya marekebisho, na kwenda nazo kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata wakati wa kuandaa andiko la mradi, ili kila kifaa kinachoombwa kiwe na sababu inayoonekana.