Tukiziba dirisha la ndege, rubani ataona wapi?

Msomaji mmoja wa Ngong, ambaye yeye na wenzake wanaunda ndege ndogo ya majaribio ya kuchukua watu wawili, ameniletea swali la lugha. Katika maelezo ya kazi waliyowaandikia vijana wanaojifunza kwao, kulikuwa na agizo hili: ‘Ziba madirisha vizuri, kisha kaza skurubu zote.’ Kijana mmoja akauliza, ‘Tukiziba, rubani ataona wapi?’ Watu wakacheka. Mimi nasema kijana huyo alisoma Kiswahili sawasawa.

Kuziba dirisha, kwa Mswahili, ni kulifunga kwa matofali au mbao hata pasipite mwanga. Kinachotakiwa katika ndege ni kujaza mwanya ulio baina ya kingo za kidirisha na fremu, ili maji, vumbi na upepo visipenye. Kazi hiyo ina jina lake katika lugha yetu, nalo ni la miaka mingi: kukalafati.

Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na Wareno pia wanalo la ukoo huohuo. Waundaji wa majahazi huko Lamu hushindilia pamba iliyotiwa mafuta katika nyufa za mbao. Huko ndiko kukalafati. Kisha hupaka sehemu ya chini ya chombo deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Angalia tofauti: kalafati huingia ndani ya kiungo, deheni hukaa juu ya uso. Fundi wa ndege naye huijua tofauti hii, kwani kupaka gundi juu ya ufa pekee hakumsaidii mvua inapopigwa na upepo wa rafadha.

Zamani za akina Denys Finch Hatton, aliyefariki Voi mwaka wa 1931 na kuzikwa katika milima hii ya Ngong, shida hii haikuwa kubwa. Ndege yake, Gipsy Moth, ilikuwa wazi juu. Rubani alikingwa na kioo kidogo tu mbele ya uso. Beryl Markham alipovuka Atlantiki kutoka Uingereza mnamo Septemba 1936, Vega Gull yake ilikuwa na chumba kilichofungwa. Kufikia hapo dirisha lilikuwa sehemu ya mwili wa ndege, na kosa katika dirisha likawa kosa la ndege nzima.

Neno la pili lenye hatari ni ‘kioo’. Madirisha ya ndege ndogo aghalabu si kioo bali ni akriliki, plastiki ngumu inayopenyeza mwanga. Anayeiita kioo ataitendea kama kioo: ataipangusa kwa petroli au spiriti, na baada ya muda ataona vinyufa vyembamba kama utando wa buibui. Akriliki huoshwa kwa maji na sabuni laini. Heri tuseme ‘kidirisha cha akriliki’, hata kama ni maneno matatu.

La tatu ndilo zito kuliko yote: ‘kaza’. Akriliki hutanuka kwa joto takriban mara tatu kuliko alumini. Ndege iliyolala kwenye baridi ya usiku wa Kajiado kisha ikaachwa juani adhuhuri inaweza kupata tofauti ya nyuzi 30 au zaidi. Kwa tofauti hiyo, kipande cha urefu wa mita 1 hurefuka kama milimita 2, ilhali fremu ya alumini hairefuki hata milimita 1. Ndiyo maana matundu ya skurubu hutobolewa mapana kuliko skurubu yenyewe, kingo husuguliwa hadi ziwe laini, na skurubu ikishabana hulegezwa kidogo. Ukikaza kwa nguvu za jua kali, bana, umepanda ufa utakaojitokeza angani.

Siyo mchezo. Ndege za Comet, zilizoanza kubeba abiria kutoka London hadi Johannesburg kupitia Entebbe mwaka wa 1952, zilianguka mbili mwaka wa 1954. Uchunguzi ulionyesha kwamba bati la mwili lilikuwa limechoka, na nyufa zilianzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa mwilini. Zile zilikuwa ndege kubwa zilizojazwa hewa ndani, lakini somo linawahusu hata wa ndege ndogo: kata pembe za mviringo, kwa sababu pembe kali hukusanya mkazo.

Wapo watakaosema ‘kalafati’ ni neno la mabaharia, basi tukope jina la Kiingereza tulitohoe. Sina ugomvi na kukopa. Silikoni ni silikoni, akriliki ni akriliki. Vitu hivyo vimekuja na majina yao. Lakini kitendo tunacho tayari, na tumekitenda kwa karne nyingi. Tena ‘bahari’ na ‘anga’ zimeshashirikiana maneno: ‘rubani’ mwenyewe alikuwa mwelekezaji wa vyombo vya majini kabla hajapaa.

Agizo la Ngong, basi, liandikwe hivi: ‘Kalafati kingo za vidirisha, bana skurubu, kisha ulegeze kidogo.’ Ni maneno machache, na kijana aliyeuliza hatakuwa na la kuuliza tena.